Kusikiza Watu Ni Kazi, na Ukunda Ni Ndogo

Nilipomwambia shangazi yangu kwamba nimeanza diploma ya ushauri nasaha, aliniangalia kidogo halafu akaniuliza: "Miaka miwili unasomea kusikiza watu? Kwani masikio hukuzaliwa nayo, mwanangu?" Nyumba nzima ilicheka. Hata mimi nilicheka.

Lakini swali la shangazi ndo lile lile mnaloniuliza kila wiki huku, kwa maneno mengine. "Dada, watu wote huniambia nina roho ya kusikiza, naanzaje kuwa kaunsela?" "Kuna kozi ya wiki mbili onlaini, inatosha?" "Hii kazi ina pesa kweli ama ni sadaka?" Leo nawajibu wote mara moja, na nitasema ninavyoona mimi. Usipokubali, sawa, tutabishana kwa heshima.

Jibu langu fupi: roho nzuri haitoshi, na cheti peke yake hakitoshi. Huku kwetu pwani ya kusini, kutoka Likoni mpaka Lunga Lunga, kinachomfanya mtu awe kaunsela ni kuweza kubeba siri mahali ambapo kila mtu anamjua kila mtu. Hicho kitu hakiji kwa kipaji. Kinafundishwa, kinasimamiwa, na kina gharama. Na sisi Kwale hatujataka kuilipa hiyo gharama.

Kabla sijaendelea, sheria ya hili andiko: hamtapata kisa cha mteja hapa. Hata kimoja, hata kwa kubadilisha jina. Ukunda ukibadilisha jina, watu watakujua kwa rangi ya geti na boda unayopanda. Kwa hivyo mkiona kaunsela anaanza video na "kuna mteja wangu mmoja juzi...", mimi huwa nazima simu.

Jina hili lina sheria

Wengi hawajui kwamba Kenya huwezi tu kuamka asubuhi ukabandika "kaunsela" kwa mlango. Tuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, namba 14 ya mwaka 2014. Hiyo sheria ndo iliunda Bodi ya kusajili watu wa kazi hii, na inataka Bodi iwe na rejista ya majina yao. Kwa hivyo ukiambiwa fulani ni kaunsela, uliza amesajiliwa wapi. Si ukosefu wa adabu. Fundi wa stima ukimuuliza kama ana leseni hakasiriki. Akikasirika, ushajua.

Kazi yenyewe ni ya zamani kuliko sheria. Amani Counselling Centre ya Nairobi ilianza 1979. Lakini mtu wa kawaida wa Kwale hakukutana na kaunsela kupitia Amani. Alikutana naye VCT. Serikali ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, na miaka iliyofuata vituo vya VCT vikafunguliwa nchi nzima. Kwa mara ya kwanza mtu alifunga mlango, akakaa na mgeni, akaambiwa "hapa utakalosema halitoki." Mama zetu wengi neno kaunsela walilisikia hapo kwanza. Ndo maana mpaka leo ukisema "nimeenda kwa kaunsela," mtu anakuangalia mwili, anafikiri umeenda kupima.

Mlango wa pili ulikuwa shule. Kiboko kilipigwa marufuku mwaka 2001, na walimu wakaambiwa watumie ushauri badala yake. Wazo zuri. Lakini nani alipewa hiyo ofisi? Mara nyingi ni mwalimu ambaye tayari ana vipindi vyake na madaftari ya kusahihisha, na jana alikuwa mwalimu wa nidhamu. Wewe ungemwambia nini mtu aliyekuchapa? Mimi nilisoma shule kama hiyo, na ofisi ya ushauri tuliiita "ofisi ya kuchomana."

Unasoma nini hasa

Sasa turudi kwa shangazi. Miaka miwili ya nini?

Mwezi wa kwanza unajifunza kunyamaza. Sitanii. Tunakaa watatu watatu: mmoja ni kaunsela, mmoja ni mteja, mmoja anaangalia na kuandika. Dakika 15. Halafu yule wa kuandika anakusomea: umemkatiza mara tisa, umemwambia "usijali" mara nne, umemhadithia mambo yako mara mbili. Kumbe wewe uliyedhani una roho ya kusikiza, ulikuwa unangoja zamu yako ya kuongea. Darasa letu zima lilikuwa hivyo. Tumelelewa kwa mashauri. Mtu akisema "nimechoka," tushafungua mahubiri.

Halafu unamsoma Carl Rogers, Mmarekani ambaye mwaka 1957 aliandika masharti yake ya mtu kubadilika mbele ya mshauri. Matatu ndo yanatajwa kila darasa: uone dunia kwa macho ya huyo mtu, umkubali bila kumwekea masharti, na wewe mwenyewe usiigize. Kwenye karatasi ni sentensi moja. Sasa jaribu kumkubali bila masharti mtu ambaye anafanya kitu ambacho dini yako, mama yako na mtaa wako mzima wanakikataa. Hapo ndo utajua kama ulichagua kozi ama kozi ilikuchagua.

Baada ya darasa kuna mazoezi. Unaketi na watu wa kweli, unaandika saa zako kwa daftari, na msimamizi anatia sahihi. Kila baada ya muda unampelekea huyo msimamizi kazi yako, bila majina, mnaichambua. Vyuo vingi pia vinakutaka wewe mwenyewe ukae kwenye kiti cha mteja, ulie mbele ya mtu, ujue inavyohisi. Hiyo sehemu ya usimamizi ndo kozi ya wiki mbili haiwezi kukupa hata wafanyeje. Video itakufundisha maneno. Haitakuambia, "Leo ulimharakisha huyu mama kwa sababu anafanana na mama yako."

Na kuna kujua mwisho wako. Kaunsela si daktari. Haandiki dawa. Mtu akiwa anasikia sauti, hajalala siku tano, unampeleka hospitali, Msambweni ama Port Reitz kule Mombasa. Anayetumia unga anaweza kuhitaji kliniki ya methadoni ya Kombani, anywe dozi yake mbele ya muuguzi, na wewe ufanye sehemu yako pembeni. Kumpeleka mtu mbele ni kazi pia. Asiyesoma huona aibu kusema "hili limenizidi."

Vitabu vya Kiingereza, machozi ya Kiswahili

Kitu kimoja kilinisumbua kozi nzima. Kila kitu tulikisoma kwa Kiingereza. Mazoezi ya darasani, Kiingereza. Mtihani, Kiingereza. Halafu unashuka Msambweni unakutana na mama ambaye huzuni yake iko Kidigo, na akikuonea huruma ndo anakutafsiria kwa Kiswahili.

Hasemi ana sonona. Hilo neno liko kwa kamusi na kwa taarifa ya habari. Yeye anasema "nina mawazo." Anasema "roho yangu haitulii," "moyo mzito," "mwili hauna nguvu lakini hospitali hawaoni kitu." Ukiwa na karatasi yako ya maswali uliyotafsiri neno kwa neno, utaweka alama ya hapana kila mahali, na utaandika mtu huyu yuko salama. Hayuko salama. Ashakwambia. Wewe ndo hukusikia.

Zimbabwe walilishughulikia hili. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kule Mbare, Harare, akawafundisha bibi wa mtaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki. Ule mpango unaitwa Friendship Bench. Bibi hao wanatumia neno la Kishona, kufungisisa, maana yake ni kuwaza kupita kiasi. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2016 na ukaonyesha waliopitia benchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Fikiria: neno ambalo mtu wa mtaani anatumia, na mtu wa mtaani aliyefundishwa na anayesimamiwa. Sisi neno letu tunalo. "Mawazo." Halafu tunamfundisha kaunsela wa Kwale kana kwamba atafanya kazi Chicago.

Tatizo la salamu

Hapa ndo nataka mnisikize vizuri, manake hiki ndicho kitabu hakina.

Kitabu kinasema: ukikutana na mteja njiani, usimsalimie kwanza. Ngoja akusalimie yeye, kwa sababu ukimsalimia, aliye naye atauliza "huyu unamjulia wapi?" Sawa. Kwa mji mkubwa hiyo ni hekima. Lakini Ukunda? Huku kumpita mtu kimya ni tusi. Ukimpita mzee bila shikamoo, habari zitafika kwenu kabla yako. Kwa hivyo kaunsela akinyamaza, ameshamtangaza mteja. Watu watajiuliza, "Hawa wana nini, mbona hawasalimiani?"

Mimi nilipomuuliza msimamizi wangu, hakunipa jibu la kitabu. Alisema mkubaliane siku ya kwanza. Sasa ndo sentensi yangu ya mwanzo kabisa: "Tukikutana nje, nitakusalimia kama ninavyosalimia kila mtu, na sitakuuliza unaendeleaje." Basi. Mkipanda matatu moja ya Likoni, watu 14 mmebanana, mnaongea joto na bei ya samaki. Mengine yote yamebaki chumbani.

Na hicho chumba pia ni shida. Kwenye vituo vingine mlango wa kaunsela unaangalia foleni. Watu 30 wamekaa kwa benchi wanakuona ukiingia na wanakuona ukitoka na macho mekundu. Siri yako imeisha kabla hujafungua mdomo. Mtu wa huku haogopi kulia. Anaogopa kuonekana akilia. Mlango ukihamishwa, ama chumba kikitumika na huduma nyingine pia, watu wataingia. Hii haihitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Inahitaji mtu mmoja mwenye funguo aelewe.

Halafu ukoo. Maadili yanasema usimshauri ndugu yako. Nendeni Gazi, nendeni Kinondo, mniambie nani si ndugu yangu. Huyu ni binamu, yule kaoa kwetu, mwingine tulinyonya pamoja. Kwa hivyo kaunsela mmoja kwa kijiji si kaunsela, ni jamaa wa nusu ya kijiji. Wanahitajika angalau wawili, wasiotoka nyumba moja, wa kupokezana watu. Na iwe mwanamke na mwanamume, kwa sababu mzee wa miaka 60 ninayemwamkia shikamoo hatanifungulia mimi mambo ya chumbani kwake, na sitamlaumu.

Nyumbani wataniuliza pia. "Yule mtoto wa fulani alikuja kwako?" Jibu langu ni moja: "Mama mdogo, nikisema ndiyo nimesema, nikisema la nimesema." Wa kwanza alinuna. Siku hizi hawaulizi. Na ninaamini hiyo kununa ndo inanipa wateja, maana kila mtu aliona kwamba hata wa damu yangu hapati kitu.

Sasa linganisheni na tunayoyaona onlaini. Nimemwona mtu mwenye wafuasi wengi, anajiita kocha wa maisha, akisoma laivu ujumbe wa msichana "bila jina." Kabla hajamaliza, kwenye komenti washataja shule. Yule msichana alienda kutafuta masikio, akapata kipaza sauti.

Siri ina mpaka

Msidhani lakini kwamba kaunsela ni kaburi. Kuna vitu siri haivifuniki, na unamwambia mtu mapema, kabla hajaanza: kama maisha yako ama ya mwingine yako hatarini, kama mtoto anaumizwa, sitanyamaza.

Kwa pwani hii hilo la mtoto si mfano wa darasani. Mwaka 2006 UNICEF na serikali walitoa ripoti kuhusu watoto wanaotumiwa kingono kwenye utalii wa pwani, na Diani ilikuwemo. Na si watalii peke yao, ripoti iliwataja wenyeji pia. Mwaka huo huo Sheria ya Makosa ya Kingono ikapitishwa. Bado familia nyingi zinataka "tuyamalize nyumbani," mzee alete mbuzi, mambo yaishe. Kaunsela asiyesomea ataingizwa kwenye hicho kikao, atapewa chai, na atakuwa shahidi wa mtoto kuuzwa mara ya pili. Aliyesomea anajua kwamba hapo kunyamaza si maadili.

Kuhusu maisha kuwa hatarini, kuna habari ambayo ningetaka kila kijana aijue. Kwa miaka mingi, kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mtu anapona, anakuta polisi. Nani angemwambia kaunsela ukweli? Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu, Jaji Lawrence Mugambi, ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa hivyo ukiwa huko, sema. Unatafutiwa msaada, si pingu. Laini ya Msalaba Mwekundu ni 1199, na ya watoto ni 116, zote za bure.

Na pesa?

Nitawaambia ukweli. Mazoezi yangu sikulipwa. Nauli ni yangu, chakula ni changu, na msimamizi pia analipwa. Shukuru feri ya Likoni ni bure kwa anayetembea kwa miguu. Ukishamaliza, kazi nyingi huku ni za miradi. Mfadhili analeta pesa ya mwaka mmoja, anakodi makaunsela, watu wanaanza kufunguka, mradi unaisha, kaunsela anaondoka. Aliyekuwa katikati ya hadithi yake anabaki nayo mdomoni. Mimi naona bora usimfungue mtu kama hutakuwepo kumfunga.

Na uhitaji upo. Mgodi wa Base Titanium ulimaliza uzalishaji Desemba 2024, na wanaume waliozoea mshahara wa kila mwezi sasa wako nyumbani saa nne asubuhi. Hoteli za Diani zina msimu, na msimu ukiisha vijana wanarudi maskani. Hao hawatasema "nina mawazo." Watasema "niko poa," kisha watanuna, watakunywa, watapiga. Kuna mtu lazima awe hapo amelipwa na kaunti, mwaka huu na mwaka ujao, si mradi.

Kwa hivyo, wewe uliyeniuliza naanzaje. Kabla hujalipa karo, uliza chuo kama kozi yao inatambuliwa na Bodi, waombe jibu la maandishi. Uliza nani atasimamia mazoezi yako na wapi. Weka pesa za nauli. Na ujipime kwa mtihani huu mdogo: wiki hii mtu atakuambia jambo. Lisikize mpaka mwisho bila kumshauri. Halafu ukae nalo. Usimwambie rafiki yako wa karibu, usimwambie mpenzi wako, usiliweke stetasi kwa mafumbo.

Ukiweza wiki moja, jaribu mwezi. Ukiweza mwezi, njoo tuongee kuhusu diploma.